Vipimo vya yai nilivyonunua Moshi mjini: vinamfaa anayetafuta mtoto, vinamchanganya aliyekwishapata

Kipimo chenyewe nakipa nyota nne kati ya tano. Karatasi ya maelezo naipa moja, na hiyo moja ni ya huruma. Famasi nawapa tatu. Mwenye haraka anaweza kuishia hapo akaendelea na shughuli zake. Lakini kama na wewe umewahi kujiuliza, au kuulizwa na wifi yako mbele ya wateja, kama mwanamke mwenye mimba yai lake linaweza kupevuka tena, basi vuta kiti, maana hilo ndilo lililorefusha tathmini hii.

Mimi ni fundi cherehani, nashona nguo za kike karibu na soko la Mbuyuni. Si daktari. Yaliyo ya kitaalamu humu nimeyapata kwa mteja wangu mmoja muuguzi mkunga, ninayemshonea sare, na mengine nimeyasoma mwenyewe mpaka nikaridhika.

Bidhaa ni vipande vyembamba vya karatasi ngumu, kila kimoja ndani ya pakiti yake ya kung'aa, pamoja na kijifuko cha kukaushia unyevu. Ukikiweka kando ya kile kipimo cha mimba cha kawaida ambacho kila mtu anakiita UPT, huwezi kuvitofautisha kwa umbo. Tofauti ni rangi ya mahali pa kushikia: hivi nilivyonunua ni kijani, UPT zao ni bluu. Shikeni hilo la rangi, kwa sababu maduka ya dawa ya mitaani niliyopita, Pasua na Majengo, hawakuwa navyo, na mmoja wao akataka kunipa UPT akiapa kwamba ni kitu kilekile. Si kitu kilekile. UPT inakuambia kama umeshika mimba. Hiki kinakusaidia kujua lini yai linakaribia kutoka, ili wewe na mwenzako mpange mambo yenu.

Famasi iko katikati ya mji, unaposhuka kutoka mnara wa saa kuelekea stendi. Jina naliacha, nina malalamiko nao kidogo na mji wenyewe huu mdogo. Kimoja shilingi 2,000, ukichukua vitano wanakuachia kwa 9,000. UPT yao ni 1,000. Kwa hiyo si kitu cha kuchezea; mzunguko mmoja unaweza kumeza vipande vingi kama hujui uanzie siku gani, na hapo ndipo nilipotegemea muuzaji anisaidie.

Sasa huduma. Kijana aliyekuwa kaunta alinisikia vizuri sana nilipomwuliza kwa sauti ya chini, akanijibu kwa sauti ya mnadani: "Dada yangu, unataka vile vya kutafuta mtoto?" Nyuma yangu kulikuwa na mzee mwenye cheti cha dawa za presha, na nyuma ya mzee mama mmoja tunayesali naye usharika mmoja. Mnaoishi Moshi mnajua habari kama hiyo inasafiri kwa mwendo gani. Nilipomwuliza kijana nianze lini kupima, akasema, "Siku ya 14," basi. Mzunguko wangu ni wa siku 32 hivi. Ile siku ya 14 ni ya mwenye mzunguko wa siku 28, kwa sababu kisichobadilika sana ni kipindi cha kutoka yai kupevuka hadi hedhi inayofuata, wiki mbili hivi. Nusu ya kwanza ndiyo inayorefuka na kufupika. Kwa mtu kama mimi yai linategemewa karibu na siku ya 18. Anayeanza siku ya 14 kwa mzunguko wa siku 26 naye atakuta yai lilishakwenda zake. Njia rahisi niliyofundishwa: chukua urefu wa mzunguko wako, toa 17, siku unayoipata ndiyo ya kuanza kupima.

Nyota tatu za famasi zimetokana na dada mmoja mwenye miwani aliyekuwa ofisini kwao ndani. Alimsikia kijana, akatoka, akanivuta pembeni ya kaunta na kunieleza kwa utaratibu. Angekuwa yeye peke yake, wangepata tano.

Karatasi ya maelezo ina Kichina upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, herufi ndogo mno, hata mimi ninayetunga uzi usiku nilishindwa bila taa ya simu. Kiswahili hakuna hata neno. Kwa hiyo nawaandikia hapa yale ambayo wangepaswa kuandika. Usitumie mkojo wa kwanza wa alfajiri. Pima kati ya saa nne asubuhi na saa mbili usiku, na ukishachagua saa yako, shika hiyohiyo kila siku. Kwa muda wa saa mbili kabla ya kupima usinywe maji mengi, mkojo usije ukawa mwepesi. Chovya mpaka kwenye alama tu, weka juu ya kitu kikavu, soma baada ya dakika tano. Kikikaa sana usikiamini tena.

Na hapa pana jambo ambalo wengi wanalikosa. Kwenye UPT, mstari wa pili hata ukiwa hafifu, ni mimba. Kwenye kipimo hiki mstari hafifu hauna maana yoyote, kwa sababu homoni inayopimwa ipo mwilini kidogokidogo wakati wote. Kinachohesabika ni mstari wa kipimo kukolea sawa na ule wa kulinganishia, au kuuzidi. Macho yangu yamezoea kulinganisha uzi na kitambaa, hivyo sikusumbuka. Asiye na mazoea hayo avipange vipande vyake vya siku mbalimbali kwenye karatasi moja, avipige picha kwenye mwanga wa mchana, ataona mstari unavyokolea halafu unavyopauka.

Kwangu vilifanya kazi. Siku za mwanzo mstari ulikuwa wa kubahatisha, ukapanda ghafla, ukashuka. Siku ulipopanda ndipo na ule ute mwepesi unaovutika ulipokuwa mwingi, kwa hiyo mwili na kipimo vilisema jambo moja, na mzunguko uliofuata ukawa hivyohivyo. Kama mnauliza baada ya hapo nilipata au sikupata, hiyo haimo kwenye tathmini.

Vilibaki vipande vichache. Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, anauza mitumba Kiboriloni, akaviomba kwa ajili ya shoga yake. Yeye mwenyewe wakati huo alikuwa mjamzito, UPT imeshasema, kliniki ameshaanza, na vidonge vyake vya kuongeza damu anavimeza kwa kulalamika. Sasa mtu akishika kipimo mkononi, atakiacha? Akajipima.

Alikuja kwangu mchana na kipande kimefungwa kwenye tishu. "Wifi, hebu tazama." Mistari miwili, na ule wa kipimo umekolea kuliko mwenzake. Akafungua na simu. Ana ile programu ya kuhesabu siku za hedhi, nayo ilikuwa imempakia rangi siku zile na kumwandikia kwamba uwezekano wake wa kushika mimba uko juu. "Ina maana yai linatoka tena? Naweza kubeba nyingine juu ya hii?" Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye benchi akinisubiri nimpunguzie gauni, akachangia kwamba ujanani mwenzake mmoja kule Marangu aliona siku zake mpaka mimba ilipofika miezi minne, kwa hiyo haya mambo yapo. Mteja aliyekuja kupimwa blauzi akaongeza habari za pacha aliowasikia, mmoja mkubwa mmoja mdogo, eti kwa sababu walitungwa miezi tofauti. Ndani ya dakika tano banda langu lilikuwa limegeuka wodi.

Bahati yule mkunga alikuwa anakuja jioni kuchukua sare.

Jibu lake lilikuwa hapana, yai halipevuki ukiwa na mimba. Lakini nilimbana aeleze, kwa sababu "hapana" peke yake isingemlaza wifi usingizi wakati kipande kinasema vingine.

Kipimo hiki, alisema, hakioni yai. Hakijui kama unalo, kama limetoka au kama limekwama. Kinanusa homoni moja tu, LH, inayotoka kwenye tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Homoni hiyo ikipanda ghafla, yai hutegemewa kutoka kwenye ovari baada ya saa 24 hadi 36 hivi. Mimba ikishajishikiza, kondo linaloanza kujengeka hutoa homoni nyingine, hCG, ile inayosomwa na UPT. Kila moja ya hizo homoni imeundwa kwa vipande viwili. Kipande kimoja, alfa, ni kilekile kabisa kwa zote mbili. Kipande cha pili, beta, kinafanana kwa asilimia 80 hivi, ila cha hCG kina mkia wa ziada. Nikamwambia nimeelewa: ni nguo mbili zilizokatwa kwenye jora moja, moja ikaachiwa pindo refu. Akacheka, akasema ndivyo. UPT imetengenezwa iangalie tofauti. Vipimo vingi vya yai vya bei ya kawaida havijui tofauti. Vikikutana na hCG nyingi vinadhani ni LH, vinachora mstari mzito.

Basi kipande cha wifi kilikuwa kimeusoma ujauzito wake na kuuita jina lingine.

Sasa kwa nini yai lenyewe halitoki? Hapa ndipo palinivutia zaidi. Yai linapotoka, kile kifuko lilimokuwa hakipotei. Kinageuka tezi ndogo ya manjano inayotoa homoni ya projesteroni, ya kuandaa na kutunza ukuta wa mfuko wa uzazi. Mimba isipotunga, tezi hiyo inanyauka baada ya wiki mbili hivi, projesteroni inashuka, ukuta unabomoka, unaona siku zako. Mimba ikitunga, hCG inakwenda kuiambia ile tezi isinyauke, iendelee kufanya kazi mpaka kondo lipate nguvu ya kutengeneza projesteroni lenyewe, karibu na wiki ya 8 hadi ya 10. Muda wote huo, na miezi yote inayofuata, projesteroni na estrojeni zikiwa juu, ubongo unapokea taarifa kwamba kazi imekwisha. Unafunga bomba. Homoni ya FSH, ambayo ndiyo inayokuza mayai, inakuwa chini kabisa, LH haipandi. Hakuna yai linalokuzwa, kwa hiyo hakuna la kutoka. Wanaotumia vidonge vya majira wanaifahamu mbinu hiyo bila kujua: vidonge vyenye homoni hizo mbili vinaipelekea pituitari taarifa ya namna hiyohiyo, nayo inatulia.

Wifi ni mtu wa mitumba, haachi jambo mpaka aligeuze ndani nje. Akauliza: kama hCG inafanana hivyo na LH, kwa nini yenyewe isilisukume yai litoke? Swali zuri kuliko alivyojua. Kwa sababu inaweza! Kabla ya vipimo hivi vya karatasi, mimba ilikuwa inapimwa kwa chura. Mwanasayansi Mwingereza Lancelot Hogben alipokuwa akifundisha Cape Town, karibu na mwaka 1930, aligundua kwamba chura jike wa Afrika Kusini, Xenopus laevis, akidungwa homoni za pituitari hutaga mayai. Kutoka hapo ikapatikana njia ya kupima: chura anadungwa mkojo wa mwanamke, na kama mwanamke ana mimba, hata siku haiishi chura ameshataga. Hospitali za nchi nyingi zilifuga vyura kwa kazi hiyo mpaka kwenye miaka ya 1960. Na hadi leo madaktari wa kusaidia uzazi humchoma mwanamke sindano ya hCG ili mayai yaliyokwisha kukuzwa kwa dawa yaachie. (Aliyechomwa sindano hiyo naye asijipime kwa vipande hivi siku zinazofuata, atasoma dawa.) Tofauti ya chura na wifi yangu ni kwamba chura alikuwa na mayai yaliyoiva, yanasubiri. Mjamzito hana. Homoni ya kusukuma ipo tele, cha kusukumwa hakipo.

Wifi hakupenda kulinganishwa na chura, lakini alielewa.

Nisiwafiche, kuna kisa cha nadra sana ambapo mimba ya pili hutunga juu ya ya kwanza. Kwa wanyama kama sungura pori wa Ulaya ni jambo linalojulikana. Kwa binadamu, visa vilivyoandikwa na madaktari duniani kote ni vya kuhesabika, na baadhi vilitokea kwa wanawake waliokuwa wanatumia dawa za kukuza mayai. Mwaka 2020 mama mmoja wa Uingereza alijifungua pacha huko Bath ambao utrasaundi zilionyesha wamepishana umri wa wiki 3 hivi, mpaka magazeti ya dunia yakaandika. Inaandikwa magazetini kwa sababu haitokei. Hata hivyo wakati huo yai la pili linakuwa limetoka mwanzoni kabisa, kabla mwili haujafunga bomba sawasawa. Haitokei kwa mwenye mimba ya miezi mitatu. Pacha wa kawaida wasiofanana wanatokana na mayai mawili yaliyotoka mzunguko mmoja, na mmoja kuwa mkubwa kuliko mwenzake ni suala la ukuaji na mgawanyo wa lishe ndani ya tumbo. Mteja wangu wa blauzi alikuwa ameshaondoka, vinginevyo ningemwambia.

Lililobaki lilikuwa la mama mkwe, na lilikuwa gumu kwa sababu mkwe hakosolewi. Mkunga alilisema vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi: "Mama, damu aliiona kweli, ila haikuwa hedhi." Hedhi inakuja projesteroni inaposhuka baada ya yai kutoka na mimba kutotunga, kwa mjamzito mambo hayo yote hayapo. Damu ya mimba changa ni jambo la kawaida kuliko tunavyodhani, karibu mjamzito mmoja kati ya wanne huiona mwanzoni, na wengi wao mimba zinaendelea salama. Lakini inaweza pia kuwa mimba inayotaka kutoka, au mimba iliyotunga nje ya kizazi, na hiyo inaua. Kwa hiyo usikae nyumbani ukijiambia ni siku zako tu zimepitiliza. Hasa kama kuna maumivu makali upande mmoja chini ya kitovu, kizunguzungu, au maumivu ya bega yasiyoeleweka: hospitali ya Mawenzi, ya KCMC, kituo chochote kilicho karibu, siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Mama mkwe alinyamaza kidogo, akasema yule mwenzake mimba haikufika.

Ute nao uliulizwa. Mjamzito hutokwa na uteute mweupe mwingi kuliko kawaida na wengine huudhani ule wa siku za hatari. Si wenyewe. Ukiwasha, ukinuka au ukibadilika rangi, hayo ni ya kliniki, si ya kipimo.

Kuhusu ile programu ya simu sina mengi. Inajua kujumlisha tu. Uliiambia hedhi ya mwisho ilikuwa lini na mzunguko wako ni siku ngapi, na usipoiambia kwamba umeshika mimba itaendelea kukupakia siku za rangi mpaka siku ya kujifungua. Wifi aliibadilisha ikawa ya kuhesabu wiki za mimba, ikaacha kelele. Inatumia bando kidogo, hilo naisifia.

Turudi dukani. Kuna watu wengine ambao ningewaambia wasitumie hela zao hapa, au watumie kwa tahadhari. Mwenye tatizo la vifuko vingi kwenye ovari anaweza kuwa na LH iliyo juu muda mrefu, kipande kikamchorea mistari mizito siku nyingi mfululizo bila yai kutoka. Huyo aanzie kwa daktari. Aliyeharibikiwa na mimba karibuni pia, kwa sababu hCG hukaa mwilini wiki kadhaa na kipande kitaisoma. Anayetaka kukwepa mimba, hiki si cha kwake kabisa: mbegu za mwanamume zinaweza kuishi mwilini mwa mwanamke hadi siku 5, na kipimo kinakupa taarifa ya siku moja au mbili tu kabla. Utakapouona mstari umekolea, wa juzi wameshafika wanasubiri.

Na aliyejifungua? Huyu ndiye ambaye hapa kwetu hasemwi vya kutosha. Tunamlisha mtori, tunamfunga tumbo, tunampa supu, halafu tunamwambia hawezi kushika mimba mpaka aone siku zake. Yai linaweza kutoka kabla ya hedhi ya kwanza, haliisubiri. Asiyenyonyesha linaweza kumrudia hata kabla ya wiki ya sita. Anayenyonyesha ana kinga kubwa, ya asilimia 98, ikiwa tu mtoto hajafika miezi 6, ananyonya maziwa ya mama peke yake usiku na mchana, na mama hajaona hedhi. Moja kati ya hayo matatu likivunjika, aende akaongee na watu wa uzazi wa mpango. Mtori haumo kwenye orodha, pamoja na mapenzi yangu yote kwa mtori.

Malalamiko yangu ya mwisho kwa famasi ni mawili. La kwanza, boksi la vipimo wameliweka juu ya kabati la kioo linalopigwa na jua la mchana. Kwenye pakiti imeandikwa visizidi nyuzi joto 30. Januari na Februari Moshi hii inazipita hizo kivulini, sembuse nyuma ya kioo. La pili ndilo zito: anayevinunua haambiwi kwamba akishashika mimba aviache. Sentensi moja tu. "Ukichelewa siku zako, hiki weka pembeni, chukua UPT." Ingekuwa imebandikwa hata kwa kalamu kwenye boksi, wifi yangu asingepoteza siku nzima ya soko, na Kiboriloni siku ya soko ni hela. Nilimwambia yule dada mwenye miwani, akasema ataandika. Nilipopita tena palikuwa na kikaratasi cha bei tu.

Pamoja na hayo, nitanunua tena hapohapo, kwa sababu pakiti zao zilikuwa na tarehe ndefu na sikupata hata kimoja kilichogoma kuchora mstari wa kulinganishia. Ukienda, mwulizie yule dada, yupo zaidi asubuhi. Mwombe akutolee vya ndani stoo, si vya kwenye kioo, na usome tarehe ya mwisho ya matumizi ukiwa bado umesimama kaunta, kwa sababu vikishavuka mlango hawavirudishi.